Bibi Alisema Kichwa, Mtoto Akasikia Mtu

Jumamosi moja ya masika nilirejea nyumbani Tabata saa moja unusu za jioni, mvua imenilowesha, nikamkuta binti yangu mkubwa amesimama langoni na tochi mkononi. Nilimwuliza anatafuta nini gizani.

"Bibi anasema kuna mtu," akanijibu. "Nimetoka mara tatu kumtazama, simwoni."

Hapakuwa na mtu. Bibi anayesemwa ni mama mzaa baba yangu, na watoto wangu ni vitukuu vyake. Alikuwa ameletwa kutoka Rungwe wiki mbili kabla ili atazamwe macho. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amekishika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtungi. Ndipo nilipoelewa. Kwa Kinyakyusa neno la kichwa humfikia sikioni mtu aliyelelewa kwa Kiswahili kana kwamba limetajwa neno "mtu". Tangu alasiri bibi alikuwa akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, na mtoto, kwa utii wote, alikuwa akitoka na kuingia kumsaka mgeni asiyekuwapo. Vidonge vya bibi vya shinikizo la damu vilikuwa juu ya kabati, mahali nilipoviweka mwenyewe ili mdogo wake asivifikie, na asubuhi ile katika haraka za kuwahi kazini nilikuwa nimesahau kumpa.

Usiku huo huo tulimpeleka hospitali, akalazwa siku mbili, akarudi salama. Sisimulii haya ili kumtia mtu huruma. Nayasimulia kwa sababu siku aliporuhusiwa kutoka, binti yangu, ambaye ana umri wa miaka kumi na mmoja na si mtoto wa maneno mengi, aliniuliza ndani ya teksi: "Mama, kwa nini mimi sijui Kinyakyusa?" Nikatazama nje ya dirisha mpaka tukafika nyumbani.

Ndugu msomaji, huenda swali hilo limekwisha kuulizwa na kwako pia, au linakungoja. Jijini Dar es Salaam ni nyumba chache ambazo hazina lugha nyingine iliyolala chini ya Kiswahili kama mkeka wa zamani chini ya zulia. Mume wangu ni Mpare wa Same. Tulijuana hapa jijini, tukachumbiana kwa Kiswahili, tukagombana na kupatana kwa Kiswahili, na watoto walipozaliwa hatukukaa kikao kuamua wazungumze lugha gani. Kama ningewasemesha Kinyakyusa, baba yao angekuwa mgeni mezani pake. Kama yeye angewasemesha Kipare, mgeni ningekuwa mimi. Najua vizuri adha hiyo, kwa maana katika harusi za ukweni kwangu nimeketi mara nyingi nikitabasamu kwa saa tatu bila kujua ninatabasamia nini. Kiswahili kilituokoa. Jambo hilo ni la kweli, na yeyote azungumzaye juu ya lugha za makabila bila kulikiri hatendi haki.

Hata bibi mwenyewe aliwahi kukijua Kiswahili. Katika miaka ya 1970, wakati wa kampeni kubwa ya kisomo cha watu wazima, alikuwa miongoni mwa akina mama waliokwenda darasani baada ya kazi za shamba, mtoto mgongoni. Kampeni ile ilifanya kazi ambayo hatupaswi kuisahau: mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika nchini walikuwa asilimia 67, na kufikia 1975 walikuwa wameshuka hadi asilimia 39. Bibi alijifunza kusoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyofundishiwa, na kwa miaka mingi aliweza kusoma barua zetu na kununua na kuuza sokoni Tukuyu bila mkalimani. Lakini Kiswahili hicho kilikuwa nguo ya kutokea. Uzee ulipomfikia, na marafiki wa kusemezana naye wakawa ni wale wale wa kijijini, nguo ile ilibaki sandukuni. Sasa ana zaidi ya miaka themanini, na kilichobaki mwilini ni lugha aliyonyonya. Wenye kuuguza wazee wanalijua jambo hili: maumivu, usingizi na ndoto humrudisha mtu kwenye lugha yake ya kwanza.

Lugha hiyo ya kwanza si ndogo kwa hesabu. Wanyakyusa ni wengi katika Rungwe, Busokelo na Kyela, na ng'ambo ya Mto Songwe, katika nchi ya Malawi, wako Wangonde ambao lugha yao ni ndugu wa karibu sana. Ina kamusi nzuri ya Knut Felberg, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1996, ikiwa na Kiingereza na Kiswahili pamoja. Imeandikwa tangu siku za wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri waliofika Rungwe mwaka 1891, na ina Biblia na tenzi zake za kanisani. Hata hivyo, chumbani Tabata lugha hiyo yote ilikuwa na mzungumzaji mmoja. Udogo wa lugha haupimwi kwa ramani tu. Lugha yaweza kuwa kubwa wilayani na ikafa katika nyumba moja, kisha katika nyumba ya pili.

Ziko nyingine zilizo ndogo kwa kila kipimo. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009, na hesabu yake ilizidi lugha mia moja na hamsini. Kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao jumla yao haizidi watu elfu moja na mia chache, na lugha yao yenye sauti za kudokoa haijapata kuthibitishwa kuwa na udugu na lugha nyingine yoyote duniani. Ajabu ni kwamba watoto wa Kihadzabe bado wanaizungumza, ilhali watoto wa Tabata, wenye mamia kwa maelfu ya ndugu mikoani, hawajui hata kuamkia. Si wote waliopata bahati ya Wahadzabe. Lugha ya Waasa, waliokuwa wawindaji katika nchi ya Wamasai, wataalamu wanahesabu kwamba ilikoma katika miaka ya 1970. Kingasa cha mashariki ya Kilimanjaro kimemezwa na Kichaga.

Tazama mifano hiyo kwa makini. Kilichokimeza Kiasa ni Kimasai, na kilichokimeza Kingasa ni Kichaga. Wako watu wapendao kusema kwamba Kiswahili kimeziua lugha za makabila, lakini aghalabu, lugha ndogo ya kijijini huzidiwa kwanza na jirani yake mkubwa, kwa njia ya ndoa, ya ng'ombe na ya soko. Kiswahili huja baadaye, tena kupitia shule, kazi na mji. Mashtaka dhidi yake yapunguzwe basi, ingawa hayafutiki.

Hayafutiki kwa sababu nayakumbuka ya shuleni. Katika shule ya msingi niliyosoma huko Rungwe kulikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Aliyesikika akisema Kinyakyusa alivishwa shingoni, naye akawa na kazi ya kunyemelea wenzake ampate mwingine wa kumvisha. Aliyekutwa nacho mchana wakati wa kengele ya mwisho alifyeka nyasi. Tulijifunza Kiswahili, hilo sikatai. Tulijifunza pia kwamba lugha ya mama zetu ni kosa linaloadhibiwa, na kwamba njia ya kuponyoka ni kumchongea rafiki. Mwalimu aliyetuvisha ubao ule, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa Mnyakyusa, na jioni alikuwa akiita ng'ombe wake kwa Kinyakyusa.

Hilo halikuwa agizo la Taifa. Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mzanaki wa Butiama aliyekua katika lugha ya watu wachache, alipolihutubia Bunge kuwa Rais mwezi Desemba 1962, alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akitaka itafute yaliyo mema katika mila za makabila yote na kuyafanya kuwa mali ya Taifa. Kiswahili kilipofanywa lugha ya kazi za serikali mwaka 1967, na Baraza la Kiswahili likaundwa mwaka huo huo, kusudio lilikuwa mtu wa Kagera na mtu wa Mtwara waweze kusemezana. Sera ya Utamaduni ya 1997 nayo inasema wazi kwamba wananchi waendelee kuzitumia na kujivunia lugha zao za jamii, na inahimiza watu na taasisi kuzitafiti, kuziandika na kuzihifadhi. Sera ipo. Ubao wenye kamba ulibuniwa na sisi wenyewe.

Mtu aliyeonja uchungu wa jambo hili kupita wengi ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika seminari ya Rubya huko Bukoba, akajua Kilatini na Kijerumani. Angeweza kuandika kwa lugha za wakubwa. Badala yake aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na vizazi vyao, akitia ndani yake kilimo, uvuvi, uganga, ulevi wa pombe, namna ya kuposa na namna ya kulia msiba. Aliimaliza mwaka 1945. Nani angechapa kitabu kinene cha lugha ya kisiwa kimoja? Muswada ukakaa. Miaka ikapita, ukoloni ukaondoka, Azimio la Arusha likaja, na mzee yule, mwili umekwisha kudhoofika kwa maradhi, akaketi kuitafsiri kazi yake mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, kutoka lugha aliyoipenda kwenda lugha ambayo ingechapwa. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu hicho kwa Kiswahili mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, na husimuliwa kwamba hakubahatika kukishika mkononi.

Kimetafsiriwa baadaye kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, akakitoa kwa Kiingereza kutoka katika Kikerewe chenyewe. Kila ninapokifungua hujiuliza swali lile lile. Je, Kiswahili kilimwokoa Kitereza au kilimtoza ushuru? Nadhani yote mawili. Bila Kiswahili mimi nisingemjua Bugonoka, na hakuna Mtanzania asiye Mkerewe ambaye angemjua. Lakini fikiri: mzee mgonjwa anayelazimika kuandika kitabu kimoja mara mbili ili kisomwe mara moja.

Najua pingamizi litakaloletwa, na si pingamizi la kupuuzwa. Watasema tukiyapalilia makabila tutavuna ukabila, na watanyoosha kidole kwa majirani. Ni kweli kwamba baada ya machafuko ya Kenya ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, Tume ya Waki ilizitaja redio za lugha za makabila kuwa miongoni mwa zilizoeneza uchochezi. Lakini Rwanda ya 1994 ilikuwa na lugha moja, Kinyarwanda, iliyozungumzwa na muuaji na aliyeuawa, na redio ya chuki ilisikika vizuri kwa sababu kila mtu aliielewa. Somalia pia, kwa sehemu kubwa, ni nchi ya lugha moja, na tunajua yaliyoipata baada ya 1991. Na Malawi, mwaka 1968, ilikifanya Kichewa kuwa lugha ya taifa na kukiondoa Kitumbuka redioni. Hakikurudi hewani mpaka 1994, na manung'uniko ya watu wa kaskazini hayakupungua kwa kunyamazishwa. Sisi tulinusurika kwa mambo mengi, na lugha ni mojawapo tu. Hata sensa zetu haziulizi kabila. Ya mwisho kuuliza ilikuwa ya 1967. Mtoto wa Tabata akimwuliza bibi yake kama amekunywa dawa, sioni umoja wa Taifa utatikiswa vipi.

Liko pingamizi la pili, nalo limo majumbani mwetu, wala halisemwi kwa sauti: kwamba lugha nyingi zitamchanganya mtoto. Lingekuwa na uzito kama wasemao hivyo wangekuwa wakweli. Jirani zangu wawili hawakuwafundisha watoto wao Kisukuma na Kihaya kwa hofu hiyo. Watoto hao hao, wakiwa na umri wa miaka mitatu, wamepelekwa shule za awali zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa ada inayowakosesha wazazi usingizi, na jioni baba anawasemesha Kiingereza cha kubabaisha ambacho mwalimu wao angekipigia mstari mwekundu. Kumbe kichwa cha mtoto kina nafasi. Kinachotuamua ni bei tunayoipa kila lugha. Nasema hivi nami nikiwa na risiti za ada kabatini, chini ya vile vidonge.

Bibi alikaa nasi miezi miwili zaidi. Kwa kuwa hofu ilikuwa imekwisha kutuingia, tulianza na maneno ya dawa na ya mwili, yaliyobandikwa ukutani kwa mwandiko wa binti yangu: kichwa, kifua, tumbo, maji, chakula, nina baridi. Haikuwa shule. Mdogo wake wa miaka saba, ambaye hakulazimishwa, ndiye aliyenasa kwa haraka zaidi, kwa kuwa aliligeuza kuwa mchezo. Siku moja alikuja mbio jikoni kunitangazia kwamba "bili" ni mbili na "tatu" ni tatu, na kwamba bibi "amewaibia Waswahili". Nilimweleza kwamba lugha hizi mbili ni ndugu, watoto wa mji mmoja wa kale wa Kibantu, na hakuna aliyemwibia mwenziwe. Sikumridhisha.

Neno walilolipenda kuliko yote ni "ndaga". Hulitumia Mnyakyusa kushukuru, na pia kumpa mwenziwe pole, na pia kuitikia salamu. Binti yangu alidai nimpe neno moja la Kiswahili lifanyalo kazi hizo zote, nikashindwa. Kwa wiki nzima nyumba ikawa ni ndaga tupu. Baba yao, Mpare wa watu, akaambiwa ndaga alipoleta mkate, na ndaga alipojikwaa kizingitini.

Lakini kilichowafanya wakae chini ni habari ya ukwe. Jioni moja, mimi nikiwa mkalimani, bibi aliwasimulia alivyoolewa. Zamani kwa Wanyakyusa mke hakuruhusiwa kuonana ana kwa ana na baba mkwe wake. Akimwona njiani alijibanza kando. Hakulitamka jina lake kamwe. Tena si jina tu: maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo aliyaepuka, akaweka mengine badala yake, hivi kwamba wake wa boma moja walikuwa na maneno yao ambayo waume zao hawakuwa na haja nayo. Msamiati huo wa wake una jina lake, ingamwana. Nilikulia Rungwe, nina diploma ya uandishi, na jambo hilo nilikuwa nikilijua kama mtu anavyojua jina la mtaa asioingia. Sikupata kuyasikia maneno yenyewe. Bibi aliyataja, moja baada ya jingine, akicheka, na mengine alinong'ona, mkwe wake akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Basi kama mkwe angeitwa Majaliwa," akauliza binti yangu, "maji tungeyaitaje?"

Nikamtafsiria bibi. Akafikiri kwa makini sana, kama hakimu. Akasema ingebidi kwanza wake wa nyumba hiyo wakae pamoja wakubaliane.

Sikuyaandika maneno yale usiku ule. Nilidhani nina muda. Kesho yake kulikuwa na kazi, keshokutwa kulikuwa na mgeni. Nilipochukua daftari hatimaye, bibi alikuwa anaumwa jino na hakutaka kuulizwa. Yaliyomo daftarini mwangu ni maneno saba. Aliyataja zaidi ya ishirini.

Mwishoni mwa Juni alirudi Rungwe kwa basi la alfajiri, kutoka kituo cha Mbezi. Aliaga kwa neno lile lile. Sasa kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, binti yangu hupiga simu ya shangazi yangu aliyeko kijijini, naye humpelekea bibi. Mara ya kwanza alianza kwa sauti kubwa, "Ugonile!" Upande wa pili kukawa kimya, kisha kicheko cha bibi kikasikika hadi mezani tulipokuwa. Mtu mmoja wa rika lako ndiye huambiwa "ugonile". Mkubwa huambiwa "mugonile", kwa wingi, kama kwamba ni watu wawili. Binti yangu akarudia kama alivyofundishwa. Kisha akaifunika simu kwa kiganja na kuniuliza kwa Kiswahili namna ya kumwuliza bibi kama leo kichwa kimemuuma.